Uwanja Unaosema Peke Yake

Juni mwaka jana, katika wiki ya tatu ya mazoezi yangu ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi mjini Mbale, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na makopo mawili ya rangi, nyeupe na nyeusi, na karatasi yenye sentensi kumi na mbili za Kiingereza. "Madam wa Kiswahili," alisema, "tarehe saba Julai ni siku ya lugha yako. Nataka uwanja wetu uzungumze Kiswahili pia. Tafsiri hizi, fundi ameshakata mabati." Nilipokea karatasi kwa mikono miwili. Niliona nimeheshimiwa, nami nikajiambia kwamba ni kazi ya dakika kumi. Ilinichukua karibu wiki tatu, na haikuisha.

Makala haya ni uhakiki wa sentensi zile kumi na mbili. Wapo watakaouliza kama maandishi yaliyopakwa kwenye mabati na kupigiliwa mitini yanastahili kuhakikiwa. Mimi nasema yanastahili kuliko riwaya nyingi tunazosoma chuoni, kwa sababu yana wasomaji wengi kuliko riwaya hizo, na wasomaji wenyewe ni watoto wasiokuwa na kitabu kingine.

Kila aliyesoma Uganda anaufahamu uwanja wa aina hii. Walimu wetu huuita kwa Kiingereza kwa jina lenye maana ya uwanja unaozungumza. Vibao huwekwa kando ya njia, kwenye kuta za vyoo, chini ya bendera, juu ya shina la mwembe. Vilienea zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati serikali ilipoanzisha mpango wa rais wa kuwasiliana na vijana kuhusu UKIMWI, na shule zikaombwa zizungumze na watoto juu ya mambo ambayo wazazi waliona haya kuyasema. Sitaki kulidharau jambo hilo. Katika kijiji cha mama yangu kulikuwa na nyumba ambamo walibaki bibi na wajukuu tu. Hata hedhi, mimi niliisoma kwanza kwenye kibao kilichokuwa nyuma ya choo cha wasichana kabla mtu yeyote hajanieleza kwa mdomo. Kibao kile kilinifaa. Kwa hiyo ninapovilaumu vibao silaumu kila neno lililomo.

Lawama yangu inaanzia kwenye sarufi. Sentensi ya kwanza kwenye karatasi ya mwalimu mkuu ilisema, kwa Kiingereza, tuseme, "Nyamaza". Nikaandika "Nyamaza". Kisha nikajiuliza: kwa nani? Kiingereza hakilazimiki kuchagua. Kitenzi chake cha kuamrisha ni kilekile kwa mtu mmoja na kwa watu mia saba, na anayeamrisha hajulikani kama naye yumo. Kiswahili kinakulazimisha. Ukiandika "Nyamaza" unamwamrisha mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Ukiandika "Nyamazeni" unaliamrisha kundi, na wewe umesimama pembeni ukiwa na fimbo. Ukiandika "Tunyamaze", nawe umejitia ndani, na mwalimu anayepiga kelele kwenye simu barazani naye anahusika. Nilipofika sentensi ya nne, "Tunza mazingira", nilikuwa nimeandika mara tatu na kufuta mara tatu. Ilinijia kwamba tafsiri ilikuwa inanifichulia jambo ambalo maandishi ya awali yalilificha: kwamba uwanja huu una msemaji mmoja asiyejitaja, una msikilizaji mmoja asiyejibu, na hauna kitu cha tatu kinachozungumziwa na wote wawili.

Linganisha na kitendawili. Tumefundishwa darasa baada ya darasa kwamba kitendawili huanza kwa mwito na kiitikio: mmoja husema "Kitendawili!", wengine hujibu "Tega!", na asipojibiwa hana ruhusa ya kuendelea. Kabla hata fumbo halijatajwa, anayefundisha ameomba kibali kwa anayefundishwa. Na fumbo lenyewe karibu siku zote ni kitu kilichopo: nyumba, yai, moshi, kivuli, njia. Ndiyo maana ninaamini kwamba fasihi simulizi, ambayo sisi huifunga katika mihadhara ya saa mbili chini ya feni, ilikuwa ni masomo ya nje kabla ya mtu yeyote kuyaita hivyo. Kibao hakiombi kibali. Kinasema mchana na usiku, likizo na msimu wa mtihani, hata uwanja ukiwa hauna mtu.

Mwisho wa wiki hiyo nilipanda teksi kwenda nyumbani Jinja, kupitia Tirinyi na Iganga, nikaenda kuisoma upya shule niliyosoma mimi mwenyewe. Mlinzi alinikumbuka, akaniacha nizunguke na daftari. Nilihesabu vibao 41. Vibao 33 vilikuwa vya kuamrisha au kukataza. Vilivyobaki vilikuwa methali za Kiingereza, majina ya ofisi, na kimoja kilichofutika. Kati ya vyote 41, hakuna hata kimoja kilichotaja kitu kinachoonekana kutoka pale kilipokuwa kimesimama. Isipokuwa kimoja, nikiwa mwadilifu. Kwenye mvule mkubwa uliopo karibu na lango, mti ambao Busoga nzima inaujua, kulikuwa na bati lililosema watoto wasiharibu miti. Lilikuwa limepigiliwa kwa misumari minne ya inchi sita. Gome lilikuwa limevimba likaanza kuimeza misumari pamoja na neno la mwisho.

Chini ya mvule huo ndipo tulipopangwa mstari siku ya safari yetu ya masomo, nikiwa darasa la tano. Tulikuwa watoto wa Walukuba, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, ambamo Kilusoga, Kijaluo, Kiluganda na Kiswahili kibovu lakini kitamu vilichanganyika uwanjani kuliko darasani. Tulilipa pesa ya basi kwenda kuona chanzo cha Mto Naili. Mahali penyewe tungeweza kwenda kwa miguu. Wengine miongoni mwetu baba zao walivua samaki Masese, na walikuwa wakinywa maji ya ziwa lile tangu kuzaliwa. Lakini tulivaa soksi ndefu na tulikwenda.

Tulipofika tuliketi kwenye nyasi, tukaambiwa tutoe madaftari, tukanakili kibao. Hayo ndiyo niliyojifunza kwenye safari ile: kwamba nje pia kuna ubao, na kazi yako ni kuunakili. Tuliandika kwamba Mwingereza John Speke alifika hapo mwaka 1862 na akayaita maporomoko kwa jina la Ripon. Rafiki yangu mmoja aliinua kichwa, akatazama maji, akauliza maporomoko yako wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa mwaka ule, maana mbele yetu hapakuwa na maporomoko yoyote. Kulikuwa na maji mapana yanayokwenda kwa ukimya, na mawe machache, hayo mawe ambayo mji wa Jinja umepata jina kwayo. Mwalimu alisema, "Yamefunikwa. Andika."

Yamefunikwa na nini? Na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo tulipita juu yake kila tulipokwenda Kampala, kwa sababu miaka ile, kabla ya daraja jipya la mwaka 2018, barabara kuu ilipita juu ya bwawa lenyewe. Jibu la swali la rafiki yangu lilikuwa kilomita chache chini ya mto, na basi letu lingeweza kutufikisha kwa dakika chache. Kuna jambo linaloniuma zaidi. Maporomoko ya Bujagali, kaskazini tu ya mji, yalizama tulipokuwa katika madarasa ya chini. Bwawa lake lilizinduliwa mwaka 2012. Maporomoko yenye heshima kubwa katika imani za Wasoga yalipotea machoni pa wazee wetu, tukiwa wanafunzi wa mji uleule, na hatukupelekwa siku moja kuyatazama kabla na siku moja baada. Mtihani haukuuliza. Mtihani uliuliza nani aligundua chanzo cha Naili, nami nilijibu kama nilivyonakili, nikapata alama. Mto ambao Wasoga wanauita Kiyira ulikuwa na watu kando yake siku Speke alipofika, na kuna watu waliomwonyesha njia, lakini hilo halikuwa kwenye kibao.

Siyo kwamba mitaala yetu haijui. Mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 kwa madarasa matatu ya mwanzo unaanza kwa shule yetu, nyumbani kwetu na jamii yetu, na unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake: Kilusoga Jinja, Kigisu Mbale. Darasa la nne katika maarifa ya jamii anasoma wilaya yake. Kwenye karatasi, mtoto wa Uganda hutoka nje kabla ya kwenda mbali. Lakini mtoto huyohuyo wa darasa la kwanza, anayefundishwa kwa Kilusoga ndani, akitoka nje anakutana na vibao 41 vya Kiingereza, kimojawapo kikimwambia azungumze Kiingereza. Ndani anaanzia alipo. Nje anaambiwa ameshachelewa. Na mwisho wa yote unamngoja mtihani wa darasa la saba, karatasi nne, Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, ambao mzazi anaufahamu kwa tarakimu moja tu: nne, yaani alama ya jumla iliyo bora kuliko zote. Mwalimu anayejua hivyo atakwenda nje kufanya nini?

Nje, katika shule zetu, kuna kazi nyingine. Nje ndiko kunakofagiliwa alfajiri. Nje ndiko kwenye kufyeka nyasi ukichelewa, kupiga magoti ukitoroka, kuchota maji ya mwalimu. Nimejaribu kukumbuka kama katika miaka saba ya shule ya msingi niliwahi kutolewa nje ya darasa, nikiacha michezo na safari ile moja, kwa sababu isiyokuwa kazi au adhabu. Sikukumbuka. Na tusidhani kosa hili ni la Uganda peke yake. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, watoto wapange, wajaribu, wapime matokeo. Mahali pengi shamba likageuka kuwa jembe tu, na mtoto akarudi darasani amechoka bila kujua kwa nini mahindi ya mstari huu yamezidi ya mstari ule. Kumtoa mtoto nje si vigumu. Ugumu ni kumwachia aangalie.

Nilimweleza haya mwalimu mmoja wa Mbale, mama wa makamo anayefundisha darasa la pili, ambaye kwa heshima nilimwita Mama kama walivyofanya walimu vijana wote. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele wa chakula cha walimu. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umesomea ndani. Sisi tulifundisha nje." Akanisimulia mwaka 1997, elimu ya msingi ya bure ilipoanza, wanafunzi wa nchi nzima walipopanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5, na yeye akapewa watoto zaidi ya mia na kivuli cha mwembe. Jua likihama, darasa linahama. Mvua ikija, shule imekwisha. Ubao uliegemezwa kwenye shina na upepo ukauangusha juu ya mtoto. "Tulipigania kuta hizi," alisema, "na wewe unataka kuwatoa. Mzazi akipita barabarani akaona watoto wako chini ya mti, atasema nini? Atasema shule hii haina madarasa. Atahamisha mtoto."

Sina jibu zuri kwa maneno yale, na sipendi makala za wanafunzi zinazojifanya zina jibu kwa kila kitu. Shule za nchi tajiri zinapopeleka watoto msituni zinatoka kwenye jengo lenye paa, na jioni zinarudi humo. Kwetu mti ni kumbukumbu ya umaskini. Anayetetea masomo ya nje Mbale bila kuizingatia kumbukumbu hiyo atakuwa anatafsiri tu, kama nilivyokuwa nikitafsiri zile sentensi. Lakini nilimwambia Mama jambo moja, na alitikisa kichwa bila kukubali wala kukataa: kwamba chini ya mwembe ule wa 1997 walikuwa wamefundisha somo la ndani. Ubao, chaki, mistari, nakili. Mti ulitumika kama paa bovu. Hakuna aliyefundisha embe.

Wiki iliyofuata nilifanya jaribio, ingawa neno jaribio ni kubwa kuliko nilichofanya. Darasa la tano lilikuwa na wanafunzi 87. Nilimwomba mwalimu wa darasa abaki na nusu, nami nikatoka na nusu hadi uzio wa nyuma, ambapo mlima Wanale unaonekana wote, ukuta wa mwamba juu ya mji, na msimu wa mvua maji yanashuka kwenye mwamba kama nyuzi nyeupe. Somo lilikuwa ngeli: mti, miti, mto, mito, jiwe, mawe. Niliwaambia kila mmoja aende aguse kitu kimoja, arudi na jina lake kwa lugha yoyote, tutampa jina la Kiswahili na wingi wake. Walitawanyika. Kelele zilikuwa nyingi, nakiri.

Mvulana mmoja hakurudi. Nilimkuta kwenye ukuta wa choo cha zamani, ameweka kiganja kwenye mstari wa kahawia uliokuwa usawa wa kifua chake. Alisema kitu kwa Kigisu, na mwenzake akanitafsiria: "Maji yalifika hapa." Ulikuwa ni usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika ikaua zaidi ya watu 20 mjini Mbale na vitongoji vyake. Wakati ule yeye alikuwa bado wa madarasa ya chini. Wengine walikusanyika, na ukaanza ubishi ambao sikuuanzisha mimi. Maji yalitoka wapi? Wengi walisema mtoni, maana mto ndio uliofurika. Msichana mmoja alisema hapana, mlimani. Aliulizwa anajuaje. Akasema maji yalileta mabua ya mahindi mpaka mlangoni kwao, na hakuna mtu anayelima mahindi mtoni.

Wasomaji wenzangu, nimekaa chuoni miaka miwili na sijasikia hoja iliyonyooka kama ile katika semina yoyote. Nilichoweza kufanya ni kuwapa maneno waliyoyahitaji wakati huo: tope, mteremko, mmomonyoko. Nikawapa pia neno maporomoko, na hapo nikasita mwenyewe. Kwa Kiswahili maji yanaporomoka na ardhi inaporomoka, na yote mawili ni maporomoko. Kwetu Jinja neno hilo lina watalii na mashua. Upande huu wa Elgon ni neno la Machi 2010, lilipofukiwa eneo la Nametsi huko Bududa, na la mwishoni mwa Novemba 2024 huko Bulambuli. Mmoja wa watoto wale alikuwa na ndugu Bududa na alilijua jambo lenyewe kabla ya kulijua neno. Siku ile nilielewa kwa nini sikuweza kulisahau swali la rafiki yangu pale Naili. Kwake lilikuwa swali la udadisi. Kwa mtoto wa Mbale, kujua maji yanatoka wapi na udongo unaelekea wapi ni swali la kulala nyumbani au kutolala mvua ikizidi siku tatu.

Mwisho wa mwezi ulifika na mtihani wake. Niliombwa kusaidia kusahihisha sayansi. Swali moja lilitaka wanafunzi wataje sababu moja ya mmomonyoko wa udongo. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na majibu manne yanayokubalika, likiwemo kilimo duni, kwa Kiingereza cha kitabuni. Msichana yule aliandika, kwa Kiingereza cha kwake, kwamba wamepanda mahindi mpaka juu. Nilisimamisha kalamu. Mwongozo haukuwa na mahindi. Karatasi zilikuwa 87, umeme ulikuwa umekatika, na mimi nilikuwa mgeni kwenye chumba cha walimu. Nikaweka mkasi. Nimeandika makala haya yote nikiwalaumu watu wengine, kwa hiyo nalo hili liandikwe.

Nirudi kwenye lugha, maana mkusanyiko huu ni wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Julai 2022, mwezi uleule wa mafuriko, baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tulifurahi, na ajira zetu zimo humo. Lakini tunajua Waganda wengi walikutana na Kiswahili kupitia nani. Ni lugha iliyowafikia ikiwa imevaa buti. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hata leo bibi yangu akisikia Kiswahili mlangoni huuliza kwanza kama ni askari. Kuna familia ambazo neno la kwanza la Kiswahili walilojifunza ni "simama" na la pili ni "lala chini". Sasa lugha hii inaingia shule ya msingi, na mahali pa kwanza inapopewa nafasi ya kuandikwa ni kwenye bati, katika hali ya kuamrisha.

Sentensi ya saba kwenye karatasi ya mwalimu mkuu ilikuwa "Zungumza Kiingereza", na kando yake alikuwa amekata neno la mwisho kwa kalamu nyekundu akaandika "Kiswahili", akidhani amenifurahisha. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Nilijaribu "Tuzungumze Kiswahili", nikaona ni kilekile kilichovalishwa kanzu. Mtoto ambaye jana aliadhibiwa kwa kusema Kigisu akisomewa kibao kile, ataelewa tu kwamba askari wamebadilishana zamu.

Mwishowe nilipaka vibao vitano. "Tunawe mikono." "Tuwahi shule." Vingine vitatu ni vya afya, kimojawapo cha hedhi, nacho nilikiandika kwa herufi kubwa kuliko vyote. Saba sikupaka. Mwalimu mkuu alivihesabu tarehe 6 Julai jioni, akauliza vingine viko wapi, nikasema sijapata tafsiri inayofaa. Alicheka. Alinifikiria mvivu, lakini kwa upole. Nikamwambia nimepata kimoja ambacho hakikuwemo kwenye karatasi, na nikampa daftari asome. Nilitaka kiwekwe kwenye ukuta wa choo cha zamani, kando ya ule mstari wa kahawia: "Maji yalifika hapa usiku wa 30 Julai 2022. Yalitoka wapi?"

Alikisoma mara mbili. Alisema ni kizuri. Kisha akasema wazazi huja siku ya kufunga shule, na wakaguzi huja bila taarifa, na hakuna mzazi anayetaka kusoma ukutani kwamba shule ya mwanawe huingiliwa na maji. Niliona hofu yake ni ya kweli. Shule isiyo na wanafunzi haina hata choo cha zamani. Nikafunga daftari.

Septemba nilirudi kuchukua fomu yangu ya tathmini. Vibao vyangu vitano vilikuwepo, kimoja kimepinda kwa mpira. Mabati saba yasiyoandikwa yalikuwa stoo, juu ya magunia ya mahindi. Nilizunguka nyuma kwenda kuutazama ule ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa likizo ilipoanza, kuanzia juu mpaka chini, na fundi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri.